Gesi Haionekani, Lakini Ina Tabia Yake

Chukua chupa tupu. Ziba mdomo wake kwa kidole gumba. Itumbukize ndani ya ndoo ya maji, mdomo ukiwa chini. Sasa ondoa kidole, kisha uinamishe chupa kidogo kidogo. Unaona nini? Mapovu yanatoka na kupanda juu. Maji yanaingia chupani.

Kumbe chupa haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa hewa. Maji hayakuweza kuingia mpaka hewa ilipotoka.

Hewa hatuioni, lakini ni kitu. Ina uzito na inachukua nafasi. Mvuvi wa Msimbati au Msangamkuu analijua jambo hili vizuri. Kusi ikivuma, tanga linajaa na chombo kinakwenda. Hakuna aliyepata kuuona upepo, lakini kazi yake tunaiona. Upepo ni hewa inayokwenda.

Vitu vilivyo katika hali kama ya hewa huitwa gesi. Jiwe lina umbo lake. Maji hufuata umbo la chombo. Gesi hutawanyika ikajaza chombo chote, na ikipata upenyo hutoka.

Gesi ziko za namna nyingi. Nyingine zinatuweka hai. Nyingine zinatupikia chakula na kutupa umeme. Nyingine zinaua mtu usingizini. Nyingi hazionekani kwa macho. Basi tutazitambuaje? Tutazitambua kwa tabia zake. Kwa kila gesi tuulize maswali matatu:

1. Je, ni nzito au ni nyepesi kuliko hewa? Yaani, itashuka au itapanda?
2. Je, inawaka?
3. Je, pua inaweza kuitambua?

Shika maswali haya matatu. Yanaweza kuokoa maisha yako na ya jamaa zako.

HEWA TUNAYOVUTA

Hewa si gesi moja. Ni mchanganyiko wa gesi. Tuseme tumegawa hewa katika sehemu 100. Sehemu 78 ni naitrojeni. Sehemu 21 ni oksijeni. Sehemu moja iliyobaki ni gesi nyingine, na kubwa kati ya hizo ni agoni.

Oksijeni ndiyo inayotuweka hai. Tukivuta pumzi, mapafu huichukua na damu huisambaza mwilini. Moto pia unaihitaji. Jaribu hivi: washa mshumaa, kisha ufunike kwa bilauri. Baada ya muda mfupi mshumaa unazimika. Hewa ndani ya bilauri haina tena oksijeni ya kutosha kuulisha moto.

Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huufanya moto uwake kwa nguvu sana. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa anapewa oksijeni ya mtungi hospitalini, usiwashe sigara wala kiberiti karibu naye.

Naitrojeni ni gesi pole. Haiwaki wala haisaidii moto. Lakini mimea inaihitaji ili ikue. Ng'oa mche wa kunde au mbaazi uitazame mizizi yake. Utaona vinundu vidogo. Ndani yake wanakaa vijidudu wadogo mno ambao huchukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ndiyo maana shamba lililopandwa kunde hupata rutuba.

HEWA UKAA HUJAZA MASHIMO

Tunapotoa pumzi, tunatoa gesi iitwayo kaboni dayoksaidi. Watu wengi siku hizi huiita hewa ukaa. Hutoka pia katika moto, katika pombe inayochacha, na katika tanuru la chokaa wakati mawe ya matumbawe yanapochomwa. Mapovu ya soda ni hewa ukaa. Katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, gesi hii hutoka yenyewe ardhini, nayo huvunwa na kutiwa katika mitungi.

Tuulize maswali yetu matatu. Haiwaki, tena huzima moto. Haina harufu. Na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo hushuka chini na kukaa mabondeni na mashimoni, kama maji yanavyotuama dimbwini.

Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua tabia hii. Katika sehemu za mabonde karibu na Ziwa Kivu gesi hii hutoka ardhini na kutuama. Mbuzi au mtoto akiingia humo anaweza kufa, hali mtu mzima aliyesimama amepona kwa sababu kichwa chake kiko juu. Mahali kama hapo wao hupaita mazuku. Nchini Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, hewa ukaa nyingi ilitoka ghafula katika Ziwa Nyos. Ilishuka mabondeni usiku na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao.

Sisi hatuna ziwa kama hilo. Lakini tunavyo visima na mashimo ya vyoo. Mara kwa mara katika nchi yetu tunasikia habari ya namna moja. Mtu anashuka kisimani kusafisha au kutoa ndoo iliyozama. Anaanguka. Ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Wa tatu anawafuata. Watu husema kisima kina jini. Lakini aliyewaua ni hewa isiyo na oksijeni ya kutosha, au hewa iliyojaa gesi nzito.

Kabla ya kushuka katika kisima kirefu, fanya haya:

- Funga taa ya koroboi kwenye kamba uishushe mpaka chini. Wakati wa kuishusha usiinamie mdomo wa kisima. Taa ikizimika, mtu asishuke.
- Hata taa isipozimika, usiamini moja kwa moja. Ziko gesi za sumu ambazo hazizimi taa.
- Anayeshuka afungwe kamba imara kifuani, na watu wenye nguvu wabaki juu wakiishika.
- Usishushe mashine ya petroli ya kuvuta maji ndani ya kisima. Moshi wake unaua.
- Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Mvute kwa kamba. Kama hakufungwa kamba, piga kelele za msaada na uwaite Zimamoto kwa simu namba 114.

Jambo hili la mwisho ni gumu. Nani atasimama juu akimtazama ndugu yake chini? Lakini ukishuka bila kinga humwokoi. Unaongeza maiti ya pili.

GESI YA JIKO LA MKAA

Sasa tuingie nyumbani. Ni usiku wa masika. Mvua inanyesha na kuna baridi. Mama amemaliza kupika. Mkaa ungali mwekundu na moshi hauonekani. Anaingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto. Anafunga mlango na dirisha. Wote wanalala.

Mkaa unapowaka pasipo oksijeni ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Uzito wake unakaribia sana uzito wa hewa, kwa hiyo haipandi yote wala haishuki yote. Inachanganyika na hewa ya chumba kizima.

Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiwahi kushika nafasi, oksijeni haipiti. Mtu huona kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Anaweza kudhani ni malaria. Kisha usingizi humchukua na asiamke tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wengine husema jiko halina hatari kama moshi umekwisha. Si kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi bado hutoa sumu hii. Wengine huweka beseni la maji chumbani. Maji hayaizuii. Dawa ni moja tu: jiko la mkaa lilale nje. Ni hivyo hivyo kwa jenereta. Lisiwashwe ndani ya nyumba.

Ukimkuta mtu amezidiwa na gesi hii, fungua milango, mtoe nje haraka kwenye hewa safi, umpeleke zahanati au hospitali. Mweleze mganga kwamba palikuwa na jiko ndani.

HARUFU YA MIKOKONI

Umepata kwenda mikokoni maji yakiwa yamekupwa? Mto Ruvuma unapoingia baharini kuna misitu mikubwa ya mikoko. Tangu mwaka 2000 misitu hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ukikanyaga tope jeusi la huko, linatoa harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi iitwayo hidrojeni salfaidi.

Ndani ya tope hewa haifiki. Majani na viumbe waliokufa huoza humo bila oksijeni, na vijidudu wanaoyala mabaki hayo hutoa gesi hii. Ni nzito kidogo kuliko hewa, inawaka, na pua huitambua upesi. Mikokoni penye upepo ni kidogo, haidhuru. Lakini ndani ya shimo la choo au la maji machafu inaweza kuwa nyingi ikaua. Tena ina hila: ikizidi, pua hufa ganzi na harufu hupotea. Mtu hudhani gesi imekwisha, kumbe imeongezeka.

Katika madimbwi na majaruba ya mpunga ya bonde la Ruvuma, ukichokoa tope kwa fimbo utaona mapovu yakipanda. Mengi ya mapovu hayo ni gesi nyingine, nayo huitwa methani. Nayo hutokana na vitu vinavyooza pasipo hewa. Watu wanaopikia gesi ya kinyesi cha ng'ombe hutumia methani.

Jina hilo tulishike, kwa maana gesi iliyoutangaza mkoa wetu ni hiyo hiyo.

GESI YA MNAZI BAY

Mwaka 2013 neno gesi lilikuwa kinywani mwa kila mtu hapa Mtwara. Watu wengi walipinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Palitokea ghasia, na watu walipoteza maisha. Jambo la nani anufaike na mali ya nchi ni la wananchi wote kulizungumza. Lakini mwenye kujua gesi ni kitu gani huzungumza vizuri zaidi, wala hadanganyiki kwa urahisi. Basi na tuijue.

Kwa mamilioni ya miaka Mto Ruvuma umeleta mchanga na udongo na kuumwaga baharini. Mabaki ya mimea na viumbe wa kale yalifukiwa chini sana. Joto la ardhi na uzito wa tabaka za juu viliyageuza polepole kuwa gesi. Gesi ikapanda, ikaingia katika miamba ya mchanga, ikazuiwa na tabaka gumu la udongo lililo juu yake.

Wengine hudhani chini ya Msimbati kuna pango kubwa lililojaa gesi. Sivyo. Gesi imo katika vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yanavyokaa ndani ya mchanga uliolowa. Imo zaidi ya kilometa moja chini ya ardhi.

Gesi hii iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Kiitalia iitwayo AGIP. Kabla ya hapo, mwaka 1974, gesi ilikuwa imegunduliwa kisiwani Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Gesi ya Mnazi Bay ilikaa ardhini miaka mingi bila kutumika. Mwaka 2006 ndipo ilipoanza kutumika, ikapelekwa kwa bomba mpaka Mtwara mjini kuzalisha umeme. Mwaka 2015 bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa. Gesi husafishwa kwanza katika kiwanda cha Madimba. Huko maji na vimiminika vingine huondolewa.

Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani. Tuiulize maswali yetu.

Je, ni nzito au nyepesi? Methani ni nyepesi kuliko hewa. Uzito wake ni kama nusu tu ya uzito wa hewa. Ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika. Ikivuja ndani ya nyumba hukusanyika chini ya dari.

Je, inawaka? Inawaka vizuri, kwa moto wa buluu usio na masizi. Ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka. Hatari iko pale methani inapokuwa sehemu 5 mpaka 15 kati ya sehemu 100. Cheche moja ndogo yatosha.

Je, pua inaitambua? Hapana. Methani yenyewe haina harufu. Inapopelekwa majumbani, watu wa gesi huitia dawa yenye harufu mbaya ili ikivuja ijulikane.

Ina tabia moja zaidi. Ikipozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika. Hapo nafasi inayochukua hupungua karibu mara 600, nayo huweza kupakiwa melini. Ndiyo maana kumekuwa na mazungumzo ya miaka mingi kuhusu kujenga kiwanda cha kazi hiyo mkoani Lindi.

Kama shamba lako limepakana na njia ya bomba, usichimbe, usijenge wala usichome moto juu ya njia hiyo. Ukisikia mvumo usio wa kawaida, au ukiona mapovu yanatoka mahali ambapo hayakuwapo, kaa mbali bila kuwasha moto. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji mara moja.

GESI YA MTUNGI NI NYINGINE

Hapa wengi hukosea. Mama wa Mtwara hununua mtungi wa gesi dukani na kusema, "Hii ndiyo gesi yetu ya Msimbati." Siyo. Gesi ya mtungi huletwa nchini kwa meli kutoka nchi za nje. Ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Zikishindiliwa kwa nguvu hugeuka kimiminika. Ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani.

Nayo inawaka na inaweza kulipuka. Hutiwa harufu kali ili ikivuja tuitambue. Lakini katika swali la kwanza inapingana na gesi ya Msimbati. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango, inatuama pembeni na mashimoni. Inaweza kuufuata moto ulio chumba cha pili.

Kwa sababu hiyo:

- Weka mtungi umesimama wima, mahali penye hewa, kamwe usiuweke shimoni.
- Ukitaka kujua kama unavuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio. Mapovu yakivimba, unavuja. Usijaribu kwa kiberiti.
- Ukinusa gesi, funga mtungi. Fungua milango na madirisha. Toa watu nje.
- Usiwashe kiberiti. Usiwashe wala kuzima taa ya umeme. Usitumie simu humo ndani. Cheche ndogo huweza kuwasha gesi.
- Usirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa, na chini kuwe kumepata hewa.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Gesi nyingi hazitoi dalili ya macho. Dalili yake ni ujuzi ulio kichwani mwako. Tukusanye tuliyojifunza:

Oksijeni: haina harufu, haiwaki, lakini hukuza moto.
Hewa ukaa: nzito, haiwaki, haina harufu. Ogopa mashimo.
Kaboni monoksaidi: huchanganyika na hewa, haina harufu. Toa jiko nje.
Hidrojeni salfaidi: nzito kidogo, inawaka, inanuka yai viza. Usiiamini pua.
Methani ya Mnazi Bay: nyepesi, inawaka, yenyewe haina harufu. Hupanda.
Gesi ya mtungi: nzito, inawaka, imetiwa harufu. Hushuka.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, tazama jiko lako liko wapi. Kesho msomee jirani ambaye hajajua kusoma.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini tunasema chupa tupu haina utupu?
2. Katika kijiji chetu nani husafisha visima? Je, hufungwa kamba?
3. Jirani anasema mkaa mwekundu hauna hatari chumbani. Utamjibu nini?
4. Gesi ya Mnazi Bay na gesi ya mtungi zinatofautianaje zikivuja ndani ya nyumba?
5. Mwenzako ameanguka kisimani. Taja jambo la kwanza utakalofanya, na jambo ambalo hutalifanya.